Boila Niliiunga Mimi, Lawama Akabebeshwa Prossy

Nianze na lile nililolikimbia: aliyemuunguza miguu mama yangu mkubwa ni mimi. Si mfanyakazi wake. Si majaaliwa, ingawa majaaliwa ndilo neno nililojificha nyuma yake wiki kadhaa. Ni mimi, kwa mikono yangu hii na bisibisi yangu mwenyewe.

Majina nimeyabadilisha, na langu silitaji kabisa. Lakini wale waliopata ule ujumbe kuhusu dada wa Uganda watajua namsema nani. Hao ndio ninaowaomba wasome mpaka mwisho.

Mimi ni mtu wa kutangatanga. Skuli niliiacha Unguja nikiwa kidato cha pili. Si kwamba nilikuwa mjinga, ila kukaa kitako darasani kulinishinda. Nimeuza vipuri Mombasa, nimepaka rangi nyumba Dubai, nimelinda ghala la saruji Salalah. Kila nilipopita nilifungua kitu nikatazama ndani: redio, pampu ya maji, mashine ya kufulia, mota ya feni. Hata nikifika kwa watu, kabla sijaulizwa habari za safari, mimi nimeshauliza hichi kinafanyaje kazi.

Wenzangu wana kiu ya mali, yangu ilikuwa kiu ya kujua. Na kujua nusu, ndugu yangu, ni hatari kuliko kutojua. Asiyejua hagusi!

Mwaka juzi nikafikia Muscat kwa mama mkubwa, dada yake mama yangu. Nyumba yake iko Al Amerat, nyuma ya milima. Anaishi na binti yake Raya, ambaye ni mtu wa serikali, kila asubuhi anavuka mlima kwenda kazini na kurudi mchana amechoka. Na alikuwepo Prossy, dada wa Kiganda mwenye miaka ishirini na sita, ambaye kwa kweli ndiye aliyekuwa mikono na macho ya mama mkubwa. Mimi nikapewa chumba cha uani. Nilisema nitakaa mwezi mmoja. Nikakaa mwaka.

Mama mkubwa ana sukari ya miaka mingi. Miguu yake imekufa ganzi, na macho yake si mazuri. Kwa hiyo kila akitaka kutawadha, Prossy alikuwa anatangulia hamamuni, anafungua mfereji, anatia mkono kwenye maji, anangoja. Akiridhika ndipo anamwita: "Mama, maji iko sawa, kuja." Kisha anasimama pale pale mlangoni mpaka bibi amalize. Mara tano kwa siku. Hakuna aliyemwagiza kufanya hivyo. Alianza mwenyewe.

Sasa asiyeishi huku nimweleze jambo moja, maana mkasa wote umesimama hapo.

Muscat wakati wa joto mifereji hubadilishana kazi. Matangi yako juu ya paa, yanapigwa na jua kutwa, basi mfereji wa maji ya baridi unatoa maji ya kuunguza. Boila yenyewe, lile tangi la umeme la kuchemshia maji, iko ndani, kivulini, kwetu sisi iko stoo chini ya ngazi. Kwa hiyo ikifika mwezi wa tano watu wanaizima, na tangi lake linageuka kuwa mtungi. Maji yakiingia humo yanatulia, yanapoa. Mfereji wenye alama nyekundu ndio unaokupa maji ya kuogea. Mgeni anashangaa. Sisi hatufikirii hata kidogo, mkono unakwenda wenyewe kwenye nyekundu.

Raya huizima boila mwenyewe kila mwaka. Swichi yake iko ukutani kwenye ujia, karibu na hamamu ya mama yake, na ina taa ndogo. Taa ikizimika, nyumba nzima inajua: mfereji mwekundu ni salama.

Hiyo ndiyo amana niliyoivunja.

Ilikuwa mwezi wa sita. Sikuwa na kazi. Siku moja nimejilaza, nikajiuliza: hivi yale maji ya juu ya paa yanafika joto gani saa nane mchana? Na yale ya ndani yanapoa mpaka wapi? Swali la mtoto. Lakini mimi swali likiniingia halinitoki.

Nikaenda Ghala, mtaa wa viwanda hapa Muscat, kwenye maduka ya vifaa, nikanunua kisanduku kidogo cha Kichina na sensa mbili, yaani vile vijiti vyenye waya vya kuhisi joto. Kisanduku kile kinasoma joto la maji na kukuletea kwenye simu. Pia, ukitaka, kinawasha na kuzima boila chenyewe. Muuzaji akaniuliza kama mimi ni fundi umeme. Nikamwambia ndiyo. Uongo wa kwanza huo, na ulitoka laini kama mate.

Nilifanya kazi siku tatu mle stoo, jasho linanitiririka, nimefurahi kama bwana harusi. Na katika siku tatu hizo nilifanya makosa matatu. Nayataja yote.

Kisanduku kilitaka umeme muda wote, na swichi ya ukutani ilikuwa imezimwa. Basi nikauchukua umeme kabla haujafika kwenye swichi. Tangu siku ile swichi ikawa pambo. Unaizima, taa inazimika, boila haina habari.

Halafu kuna kinga. Kila boila ina kidude cha kinga, na kazi yake ni moja tu: maji yakizidi moto, kinakata umeme. Nilipoiwasha boila kidogo kuijaribu, kinga ikakata. Ilikuwa kuukuu, kitufe chake kikakataa kurudi. Badala ya kusimama hapo, nikazitoa nyaya zake mbili nikaziunganisha. Nikasema kesho nitarudi Ghala kununua mpya. Kesho ile haikufika.

La tatu ni waya wa sensa ya boila. Ulikuwa mfupi. Nikauongeza kwa kuusokota na vidole, nikauzungushia utepe, nikaupitisha juu ya mlango wa stoo. Kila mlango ukifunguliwa, waya unavutika kidogo. Niliona. Nikasema si kitu.

Sikuwa na haja hata ya kukiunga kisanduku na umeme wa kuchemshia maji. Nilichotaka kilikuwa kusoma joto tu! Lakini nilitaka nikione kikiweza kazi yake yote. Nikakiamrisha: washa boila pale maji yatakaposhuka chini ya digrii ishirini. Muscat, kiangazi, digrii ishirini! Nikaona ni sawasawa na kukizima. Nikajisifu kwa akili.

Mama mkubwa nilimwonyesha simu, nikamwambia hizi ndizo digrii za maji yako. Akaisogeza simu karibu na jicho, kisha akanirudishia.

"Haya, joto umeshalijua," akasema. "Mimi nnalijua tangu hujazaliwa wewe. Lipunguze basi."

Tukacheka. Kuhusu zile nyaya mbili nilizoziunganisha sikumwambia mtu.

Karibu mwezi mzima hakikutokea kitu. Ndivyo kosa la umeme linavyokulea, linakuacha uzoee.

Siku yenyewe, baada ya sala ya adhuhuri, nilitazama simu. Maji ya juu ya paa: hamsini na moja. Maji ya boila: arobaini chini ya sifuri.

Arobaini chini ya sifuri! Barafu haifiki hapo. Mtu mwenye akili timamu angeinuka. Mimi nilicheka. Nikaipiga picha ile skrini nikampelekea rafiki yangu aliyeko Sohar, nikamwandikia: njoo Muscat, kuna barafu. Akanijibu kwa vikatuni vya kucheka. Nikaiweka simu chini nikalala.

Naomba uelewe nilichokuwa nimekitazama. Ule waya niliousokota kwa vidole ulikuwa umeachana. Sensa ya namna ile ikikatika, kisanduku hakijui kwamba imekatika. Kinadhani maji yameganda. Na nilikuwa nimekiamrisha nini? Maji yakipoa, washa. Basi kikawasha. Kikaendelea kuwasha saa nzima, saa mbili, saa tatu, kikingoja barafu iyeyuke. Kinga ya kukizuia niliiondoa mimi. Na kule ujiani taa ya swichi ilikuwa imezimika, inamwambia kila mtu salama.

Alasiri niliamka na kiu ya chai. Nikafungua dirisha la uani nikamwita Prossy anitengenezee. Ningeweza kuteleka mwenyewe, jiko lilikuwa hatua kumi. Nikamwita yeye.

Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameshamfungulia mama mkubwa mfereji, ameshatia mkono, akaona maji ni ya kawaida. Lazima yawe ya kawaida: hamamu ile ndiyo ya mwisho nyumbani, na yale yalikuwa maji yaliyolala ndani ya paipu. Aliposikia naita, akamwambia bibi anakuja sasa hivi.

Mama mkubwa akaanza kutawadha peke yake, amekaa kwenye kibao chake cha plastiki. Mikono. Mdomo. Pua. Uso. Viwiko. Kichwa. Masikio. Hana haraka, kila kimoja na dua yake. Na wakati wote huo mfereji unatiririka, na maji ya boila yanatembea kwenye paipu kumfuata. Miguu ni ya mwisho. Kuinama hawezi kwa sababu ya mgongo, kwa hiyo miguu huitia chini ya mfereji, akasugua mmoja kwa mwingine, akafumba macho.

Hakulia. Hakuhisi! Aliyepiga kelele ni Prossy, aliporudi na kuukuta mvuke. Nilitoka mbio uani na kitu cha kwanza nilichosikia ni sauti ya mama mkubwa, imetulia kabisa:

"Una nini mwanangu? Nimeshamaliza."

Ngozi ya miguu yake sitaieleza. Niliiona mara moja tu, na mpaka leo nikifumba macho ipo.

Nilijua pale pale. Hakuna aliyeniambia. Nilikumbuka barafu.

Na sasa nisikilize vizuri, maana yote niliyosema mpaka hapa ni ujinga, na ujinga huenda mtu akausamehe. Kilichofuata kilikuwa kitu kingine.

Raya alishuka ngazi mbio. Yeye na Prossy wakamfunga mama mkubwa miguu kwa kitambaa kilicholowa, wakambeba. Wanawake wawili, mmoja bado na nguo za kazini, wanambeba mtu mzima mpaka garini. Na mimi mwanamume niko wapi? Niko stoo. Nimeshusha breka kubwa ya umeme wa nyumba, nina bisibisi mkononi. Boila ilikuwa inanguruma kama birika. Nilisikia mlango wa gari ukifungwa, nikasikia wakiondoka, na mimi nafungua skrubu.

Nikakitoa kisanduku. Nikazitoa sensa zote mbili. Nyaya za swichi na za kinga nikazirudisha zilivyokuwa. Nikafagia vipande vya utepe sakafuni. Nikayafunga yote kwenye shati nikayatia chini ya begi langu. Halafu nikavaa, nikachukua teksi, nikawafuata hospitali na uso wa huzuni. Huzuni ilikuwa ya kweli, lakini niliivaa kama nguo ya kujifichia.

Madaktari walimlaza. Jioni tukarudi nyumbani watatu kuchukua vitu vyake. Raya akasimama ujiani mbele ya swichi.

"Nani amewasha boila?" akauliza.

"Mimi siwashi, madam," Prossy akasema. "Wallahi. Angalia, iko off."

"Iko off sasa. Maji hayachemki yenyewe. Umewasha kufulia nguo, ukasahau, ukaona mambo yameharibika ukazima."

"Siwashi, madam."

"Na mama anatawadha wewe uko wapi?"

Prossy akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi, na hilo ndilo linaloniua. Alinitazama kama mtu anayemtazama shahidi wake.

"Kaka aliniita chai," akasema.

Raya naye akanigeukia. "Ulimwita?"

Ningesema ndiyo, lingefuata swali jingine, na baada yake jingine, mpaka stoo. Nikasema: "Sikumbuki. Nilikuwa nimelala."

Prossy hakulia mbele yetu. Akaenda kukunja mswala wa mama mkubwa na kuutia kwenye mfuko wa hospitali, pamoja na tasbihi na mafuta ya karafuu, kwa sababu sisi tulikuwa tumesahau.

Usiku ule ule Raya, kwa uchungu wa mama yake, akaandika ujumbe kwenye kundi la simu la wanawake: jihadharini na mfanyakazi huyu, amemuunguza mama yangu mgonjwa kwa uzembe, msimchukue. Akatia na picha. Ule ujumbe ulitoka Al Amerat ukafika Seeb na Barka kabla hatujala. Simlaumu Raya. Aliandika alichokijua. Aliyejua zaidi alikuwa chumba cha uani, amekalia begi.

Baada ya siku mbili Raya akaamua Prossy arudishwe ofisi iliyomleta. Na nani wa kumpeleka? Yeye yuko hospitalini na mama yake. Akanipa mimi ufunguo wa gari.

Nimefanya safari nyingi maishani. Hakuna iliyokuwa ndefu kama ile ya kutoka Al Amerat kuvuka mlima mpaka mjini. Prossy alikaa nyuma na begi lake mapajani. Tulipoanza kupanda, akasema:

"Kaka, naweza uliza kitu?"

"Uliza."

"Ile box ndogo ya taa kijani kwa store. Mimi nilikuwa naona kila siku nikitoa mchele. Iko wapi sasa?"

Nikaongeza mwendo.

"Box gani?" nikasema.

Akacheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Sawa. Basi ni macho yangu imeharibika."

Tukafika juu, mji mzima ukatandazika chini. Nilikuwa na nafasi. Kulikuwa na mahali pa kuegesha upande wa kulia, nilipaona panakuja, nikaambiwa na nafsi yangu simama hapa, simama, geuza. Nikapapita. Pakaja pengine. Nikapapita na hapo.

Tulipofika mlangoni kwa ofisi alishusha begi mwenyewe. Kisha akaniinamia dirishani. Nilidhani atanilaani.

"Mama akirudi nyumbani," akasema, "mtu aweke mkono kwa maji. Mkono yote, mpaka hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono wake. "Si kidole moja. Kidole inadanganya. Na angoje, asiondoke. Mimi siku ile niliondoka."

Akaingia ndani. Alikuwa anajilaumu! Kwa sababu ya kikombe changu cha chai!

Mama mkubwa alikaa hospitali wiki tatu. Mguu wa kushoto ukapona polepole. Wa kulia kidonda kikaingia ndani, na kwa mtu mwenye sukari unajua mwisho wake. Wakamkata vidole viwili. Kila siku nilikwenda, nikakaa, nikamsomea Yasin, watu wakanisifu: kijana ana moyo huyu. Nilikuwa nikila sifa zile kama mtu anayekula mchanga.

Siku ya pili tangu arudi nyumbani, Raya akiwa kazini, ilipoadhiniwa adhuhuri tukamsaidia, mimi na jirani yetu, mpaka hamamuni. Jirani akatoka. Mguu wa kulia ulikuwa umefungwa, lakini wa kushoto alitaka auoshe kama desturi yake. Akakaa kwenye kibao chake. Na kwa mazoea ya miaka, akaita:

"Prossy, jaribu maji."

Akakumbuka. Nikamwona anainamisha kichwa.

Nikafungua mfereji mwekundu, nikatia mkono. Mkono mzima, mpaka kifundoni. Nikangoja. Maji yalikuwa ya baridi kabisa. Nikangoja tena. Akaniuliza mbona kimya, yamekuwaje?

"Mama, boila niliiunga mimi," nikasema. "Prossy hakuwasha kitu. Na chai nilimwita mimi."

Nikamweleza yote, mkono wangu bado uko chini ya maji. Kisanduku, kinga, waya, barafu ya kwenye simu. Stoo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikata. Kisha akaunyoosha mkono akaufunga mfereji mwenyewe, maana maji yalikuwa yanamwagika bure.

"Vidole ni vyangu," akasema. "Nimekusamehe. Lakini ya yule mtoto wa watu si yangu, siwezi kukusamehea. Mwendee."

Hakusema neno jingine na mimi siku nzima ile. Alitawadha peke yake, nami nikasimama mlangoni.

Raya aliporudi hakuniamini. Alidhani nimempenda msichana, nataka kumsafisha. Akaniambia maneno makali kuhusu wanaume wasio na kazi na huruma zao. Sikuwa na ushahidi, kila kitu nilikuwa nimekifuta mwenyewe. Ndipo nikakumbuka picha. Nikafungua simu, nikatafuta mazungumzo yangu na rafiki yangu wa Sohar, nikampa. Tarehe ile, baada ya adhuhuri: arobaini chini ya sifuri. Na chini yake maneno yangu: njoo Muscat, kuna barafu.

Raya akaisoma mara mbili. Kisha akakaa kwenye ngazi, juu ya ile ile stoo, akaniuliza swali moja tu.

"Ulicheka?"

Nikasema ndiyo.

Kesho yake tukaenda ofisini wote wawili. Prossy alikuwa bado yupo. Nyumba tatu zilimtaka, na zote tatu, baada ya siku moja, zikasema hapana. Ujumbe ulikuwa umewafikia. Alikuwa analala chumba kimoja na wenzake, na wenzake nao wamemwepuka, maana hakuna anayetaka kuonekana karibu na mwenye mkosi.

Raya akamwomba radhi, akalia, akamwambia arudi nyumbani. Prossy akamshukuru. Kisha akanitazama.

"Sema," akaniambia. "Hapa. Hawa wote wasikie."

Walikuwa wamekaa kwenye benchi wasichana kama kumi, na mabegi yao. Nikasema. Mbele yao, mbele ya mwenye ofisi, mbele ya mzee mmoja wa Kiomani aliyekuja kutafuta mpishi. Sauti yangu ilikuwa ndogo, Prossy akaniambia nirudie. Nikarudia.

Nilidhani baada ya hapo atachukua begi lake tuondoke. Hakulichukua.

"Mama namsamehe sababu hana kosa," akasema. "Madam pia, alikuwa na uchungu. Wewe bado. Na kurudi, sirudi. Mimi kwa ile nyumba nilisema ukweli, na swichi ikaaminiwa kuliko mimi." Akaigeukia benchi. "Na hawa kumi wamesikia. Wale wa kwa simu, nani atawaambia?"

Raya aliandika ujumbe wa pili siku ile ile, mrefu, wa kujikosoa. Lakini mnajua wenyewe: lawama husambazwa, radhi husomwa na wachache tu. Mpaka juzi mtu amempelekea Raya ule ujumbe wa kwanza, kama habari mpya, na neno "tahadhari" juu yake.

Ndiyo sababu naandika hapa. Ukiwa unao ule ujumbe wenye picha ya dada wa Kiganda aliyemuunguza bibi wa Al Amerat, ufute. Ikiwa ulimpelekea mtu, mwambie naye afute. Haukuwa wa kweli. Dada yule alikuwa anatia mkono wake kwenye maji kabla ya mguu wa mtu mwingine, mara tano kwa siku, na hakukosa ila mara moja, nami ndiye niliyemkosesha.

Mimi sasa nimehama pale. Hawakunifukuza, nilishindwa kuupita ule ujia. Nafanya kazi Ghala, karakana ya pampu na boila, nabeba vifaa vya fundi mmoja Mhindi wa Kerala. Nilimweleza yote siku ya kwanza. Hanipi waya kuunga, nasafisha tu na kutazama, na kinga ikikataa kurudi nambebea mpya bila kuambiwa. Nina miaka thelathini na sita na nimeanza skuli upya.

Wewe mwenye mikono myepesi kama yangu, unayefungua vitu vya nyumba za watu kwa sababu unataka kujua: jua. Lakini ukiona nyumba inaamini kwamba taa ikizimika ni salama, usiivunje imani hiyo nyuma ya ukuta bila kuwaambia wanaolala humo. Kitu kikikwambia jambo lisilowezekana, usicheke, inuka ukatazame. Na likikuharibikia, sema siku ile ile, saa ile ile, wakati mtu bado yuko garini, begi lake mapajani, na njia ya kugeuzia ipo. Mimi nilipita mahali pawili.

Prossy amepata nyumba, nimesikia, mbali na Muscat. Sijui kama watu wa nyumba hiyo wana mzee. Kama wanaye, mzee huyo ana bahati.

Msamaha wake bado sijapata. Kwa muda mrefu nilikuwa naungama kwa kidole: huku kidogo, kule kidogo, nikijaribu kama inaunguza. Leo nimetia mkono mzima. Inaunguza. Siutoi.